Mgonjwa wa Mtihani

Hakuna jambo la dunia hii linaloweza kunishangaza. Nasema hivi nikiwa na akili zangu timamu, na wanaonijua hapa Ibra watakwambia si maneno ya barazani. Niliondoka Unguja kuja nchi hii ya Waarabu na umri wa miaka kumi na minne, nguo moja mwilini na moja mkononi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Nimeendesha lori la maji wakati barabara ya Sur bado changarawe, nimelala chini ya lori hilo, na kwa lori hilo nikanunua mashine ya kwanza ya kufyatulia matofali ya saruji. Leo ukitoka Ibra mpaka Jalan Bani Bu Hassan, majumba mengi utakayoyapita yamesimama juu ya matofali yangu. Kwa hivyo hospitali iliponiletea ujumbe kwamba wanautaka moyo wangu, sikushangaa. Niliuliza wanautaka lini.

Moyo wenyewe una kasoro ya zamani. Utotoni niliugua homa ya viungo, nikalala wiki nyingi, na homa hiyo iliuharibu mlango mmoja wa moyo. Haufungi sawasawa, damu inarudi nyuma, na anayesikiliza kwa kipimo anasikia mvumo kama upepo kwenye ufa wa dirisha. Sikuwa na khabari hiyo mpaka siku nilipokaa kitako katikati ya ngazi za nyumba niliyokuwa nikiijenga Jalan, nikashindwa kuinuka mbele ya mafundi wangu. Niliwaambia nimekaa kuitazama kazi. Tangu hapo nikawa mtu wa vidonge asubuhi na jioni, mito mitatu kitandani, na marufuku kubeba kizito. Ngazi za ghorofa moja zilinitosha kuhema. Haya aliyajua mke wangu, kwa macho yake si kwa mdomo wangu, na aliyajua daktari wangu wa moyo, basi.

Daktari huyo, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, ndiye aliyenieleza shauri la mtihani. Hii ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Daktari aliyesomea ng'ambo, hata awe na shahada ukuta mzima, hagusi mgonjwa peke yake mpaka apite mtihani wa leseni. Sehemu moja ni ya karatasi, na sehemu nyengine ni ya mgonjwa wa kweli, mwenye maradhi ya kweli. Watahiniwa wanane, mgonjwa mmoja, kila mtahiniwa na dakika zake ishirini, na watahini wawili wamekaa pembeni wanaandika. Kwa hayo walihitaji moyo unaosikika vizuri.

"Wako unasikika mpaka mlangoni," akaniambia. "Mkoa mzima wa Sharqiya sina mwengine."

Nilifurahi, siwezi kukataa. Wako watu Ibra wamesoma mpaka wamevaa miwani na hakuna aliyewahi kuwaomba chochote kilichomo kifuani mwao.

Sharti lake lilikuwa moja. Kila mtahiniwa nimwambie yale yale, kwa maneno yale yale, bila ya kuongeza na bila ya kupunguza. Kisha akaninyooshea kidole. "Na wakikuuliza uko vipi, usiseme alhamdulillah ukanyamaza. Nawajua nyinyi."

Alikuwa na haki. Kwetu huku mtu akikufikia ukamuuliza, shay ulum, kuna khabari gani, jibu la kwanza ni hakuna khabari. Hata kama nyumba imeungua, hata kama amekuja kwa msiba, kwanza hakuna khabari. Khabari zinatoka baada ya kahawa, kidogo kidogo. Daktari wangu alisema kwenye mtihani hakuna kahawa.

Basi nikafanya mazoezi wiki nzima na mke wangu. Yeye ndiye daktari, katundika tasbihi yangu shingoni badala ya kipimo. Nasema nnahema nikipanda ngazi, nnalalia mito mitatu, miguu inavimba jioni, utotoni niliugua homa ya viungo. Mara ya kwanza niliishia kwenye ngazi. Mara ya kumi yakawa yanatoka yenyewe. Mke wangu akaivua tasbihi akaniambia, "Miaka ishirini na mitano nakuuliza unaumwa nini, unaniambia huna kitu. Leo kuna ikramia, ndiyo ulimi umefunguka."

Ikramia, ile takrima yao, ilikuwa rial kumi na tano na chakula cha mchana. Sikwenda kwa ajili ya hiyo.

Mtihani ulikuwa katika hospitali moja upande wa Nizwa, jina lake halina kazi hapa. Nilitoka Ibra alfajiri kwa gari yangu mwenyewe, nikapitia Sinaw, nikafika kabla ya mlinzi kufungua mlango. Wakanilaza kitandani, shati limefunguliwa, nesi mmoja wa kwetu aliyekulia Unguja akasimama karibu kwa ajili ya kutafsiri Kiarabu changu kwa Kiingereza. Watahini wawili walikaa mbali kidogo. Mmoja alikuwa mrefu, kalamu haimtoki mkononi, na mwengine mnene, mkimya. Wote wawili wageni wa nchi.

Asubuhi walipita watano. Wa kwanza alikuwa mama wa Kihindi mwenye mikono baridi. Wa pili Mmisri, akizungumza zaidi yake kuliko yangu. Waliobaki siwakumbuki sura, nakumbuka vidole vyao kifuani. Wote niliwaambia yale yale. Nesi alitafsiri, wao wakasikiliza moyo, wakabonyeza miguu, wakawageukia watahini, na kila mmoja aliwaeleza kwa Kiingereza kwamba hali ni kali na wapasuaji waniangalie. Kiingereza sikijui, lakini jambo likisemwa mara tano mbele yako unalielewa. Nami nikaona kazi hii ni ya kwangu khasa. Matofali elfu yanatoka kwenye kalibu moja, na kila tofali sawa na mwenzake. Siku ile kalibu nilikuwa mimi.

Adhuhuri wakatupa mapumziko. Nilipotoka msikitini nikakuta mama mmoja kakaa peke yake kwenye benchi la ukumbini, buibui limefunguka kidogo, ndani kanga, ubavuni chupa ya kahawa. Nilimsalimia kwa Kiarabu. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Wewe wa Unguja. Unatembea kama mji ni wako."

"Na wewe wa bara," nikamwambia.

"Bujumbura."

"Hiyo ndiyo bara yenyewe."

Akacheka, akanimiminia kahawa, akanipa na kitumbua. Wazee wake walitoka vijiji vya huku huku Sharqiya, wakaenda Bujumbura kuuza nguo, na vita vilipochacha yeye akarudi nchi ambayo hajapata kuiona. Alirudi na mwanawe mmoja. Mwana kasoma udaktari ng'ambo miaka saba, na sasa anaandika hesabu ya katoni kwenye kiwanda cha maji Tanuf kwa sababu leseni hana. Mtihani kaufanya mara mbili, kaanguka mara mbili, kwa alama chache. Yumo humo ndani, anangoja zamu yake baada ya sala.

"Hii ya tatu ndiyo ya mwisho," akasema. "Ya nne hawaruhusu. Akianguka leo, ni katoni mpaka azeeke. Mwombee dua, kaka yangu."

Nikasema amin. Sikumwambia kwamba mgonjwa ni mimi, kwa kuwa asubuhi nesi alinikataza kusema. Nilimweleza khabari za matofali yangu. Lakini kitumbua chake kilikuwa tumboni mwangu, na njiani kurudi kitandani nilijiapiza kwamba mwanawe sitamwongezea hata neno moja. Sijapata kuuza tofali kwa kujuana, na sikutaka kuanza siku ile na leseni ya mtu.

Aliingia wa sita. Nilimjua kwa macho ya mama yake. Aliniangalia mara moja, akalisoma jina langu na pahala nilipozaliwa kwenye karatasi, akawaomba watahini ruhusa aniulize kwa lugha yangu. Yule mrefu akaitikia kwa kichwa. Kijana akasogea, akainama kidogo kama alivyofunzwa nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Hujambo? U hali gani?"

"Sijambo, alhamdulillah."

Neno lilitoka kabla sijajua limetoka. Mazoezi yangu yote na mke wangu yalikuwa ya Kiarabu, kwa sababu hatukufikiria kwamba atakuja mtu wa Kiswahili. Na mtu akishaitikia marahaba amekwisha kuwa baba. Baba hamwambii mtoto kwamba anahema. Mwenye kulelewa kwetu hahitaji kuelezwa hili, na asiyelelewa kwetu hata nikieleza kurasa kumi hatalielewa.

Akaniuliza ngazi napandaje.

"Ngazi ndiyo kazi yangu," nikamwambia. "Mfuko wa saruji begani, juu mpaka paani."

Hilo lilikuwa kweli. Nililifanya miaka ya sabini. Mwaka sikuutaja.

Akaniuliza nalalia mito mingapi. Nikamwambia mmoja, kama watu. Miguu? Miguu haina kitu. Na kila nilipojibu, moyoni nilikuwa najisifu kwamba sikumpendelea. Nesi alikuwa anatafsiri huku ananitazama kwa pembe ya jicho.

Kijana akaweka kipimo chake kifuani. Alisikiliza muda mrefu kuliko wote. Akaniangalia shingo, akabonyeza vifundo vya miguu, akasikiliza tena. Kisha akaniangalia usoni, nami nikamwangalia kama baba anavyomwangalia mwana anayetaka kuuliza lisilomhusu. Akainamisha macho. Alipowageukia watahini sauti yake ilikuwa ndogo, na maneno niliyoyasikia mara tano asubuhi sikuyasikia.

Wa saba na wa nane walikuwa wageni. Niliwaambia kila kitu, kama maji ya bomba. Jioni nikapewa bahasha yangu, nikarudi Ibra nikiwa nimeridhika kabisa.

Zilipita wiki tano au sita. Siku moja ya Jumatano, naikumbuka kwa kuwa mke wangu alikuwa amekwenda soko la wanawake, ambalo ni la Jumatano tu, kijana huyo akaingia kiwandani kwangu. Aliwauliza watu mpaka akanipata. Nikamkalisha kivulini, nikaagiza tende na kahawa, tukaulizana khabari, hakuna khabari, mpaka tukafika kikombe cha tatu. Hapo akasema alichokijia.

"Nimekuja kukwambia nenda ukatazamwe moyo, baba. Usingoje."

Nikamwambia moyo wangu unatazamwa na watu wanaojua kazi yao.

"Basi watakuwa wamesikia nilichosikia mimi. Mvumo ule si wa mtu wa mto mmoja. Na miguu yako ilikuwa imevimba, kidole changu kiliacha shimo. Lakini wewe umesema hujambo. Nimesimama pale na nyinyi wawili, wewe na moyo wako, kila mmoja anasema lake. Ningemwambiaje mtu mzima, mbele ya wageni, kwamba anasema uongo? Nikakusadiki wewe."

Alisema hayo bila ya hasira, kama anayesoma karatasi ya mtu mwengine. Matokeo yalikwisha kutoka. Kaanguka kwa alama mbili, na alizipoteza kwangu. Watahini waliandika kwamba hali kali aliiita nyepesi, na kwamba hakujua kumuuliza mgonjwa akasema.

Nikamuuliza kama anajua wenzake niliwaambia nini. Hajui. Nikamwambia: wenzako saba niliwaambia mito mitatu.

Aliweka kikombe chini. Nikamwambia asitie shaka, ninao watu. Wizarani yuko mtu nimemjengea nyumba kwa bei ya ndugu, na yuko shekhe hapa hapa ambaye simu yake haikataliwi. Jambo hili litakwisha kabla ya Ijumaa. Nilikuwa nimekwisha kuishika simu.

"Simu hapana, baba," akasema. "Nikipita kwa simu, wale niliofanya nao mtihani watakuwa wapi? Kama una la kusema, lisemee kwenye karatasi, walisome wote."

Kuandika si kazi yangu. Karibu na ofisi ya liwali lilikuwapo duka la kupigisha taipu, la kijana wa Kihindi anayejua Kiarabu cha maofisini kuliko sisi wenye nchi. Nikakaa mbele yake nikamtolea maneno. Nilieleza mimi ni nani, nilianza na nini, majumba gani nimeyajenga, na kwamba kijana aonewe huruma. Akapiga mpaka mwisho, akanisomea, nikalipa baisa mia nane, na baisa elfu ndiyo rial moja. Nilipokuwa natia saini akasema kwa adabu, "Arbab, tajiri, barua hii inasema wewe ni mtu mkubwa. Haisemi umefanya nini."

Nikaiweka kalamu chini. Dukani walikuwamo watu wawili wanangoja zamu yao, wote wananijua. Kisha nikamwambia atie karatasi nyengine, nikasema kwa sauti, huku watu wanasikia: mimi ni mgonjwa wa moyo. Nnahema nikipanda ngazi. Nnalalia mito mitatu. Watahiniwa saba niliwaambia hivyo, wa sita nikamwambia mimi mzima, kwa kuwa aliniamkia kwa lugha yangu nikaona haya. Yeye alisikia sawa, na mimi ndiye niliyesema vibaya. Vidole vya yule Mhindi havikusita hata mara moja. Baisa mia nane nyengine, na nakala tatu, kila moja baisa mia mbili.

Nilizipeleka Nizwa kwa mkono wangu. Siku kumi baadaye wakaniita. Walikuwapo watahini wale wawili na daktari wangu, na nesi naye akaitwa athibitishe. Akathibitisha. Alisema siku ile alidhani nimebadilisha kwa amri, kwamba labda ndivyo mtihani ulivyopangwa. Na watahini, kila majibu yalipobadilika, walidhani kijana hakujua kuuliza. Mgonjwa hakufikiriwa na mtu.

Yule mrefu akaniuliza kwa nini niliwaambia wageni nikamficha mtu wa kwetu.

"Mgeni namwambia," nikajibu. "Nitamwona wapi tena? Huyu aliniamkia."

Akaandika. Sijui aliandika nini.

Hapo nikawauliza mimi. Kiwandani kwangu msimamizi anaipima kalibu kabla ya tofali la kwanza, na adhuhuri anaipima tena, kwa sababu mashine ikitikisika mchana kutwa skrubu zinalegea, na ukiendelea bila ya kupima matofali ya jioni hayalingani na ya asubuhi. Tukikuta tofali bovu hatuilaumu saruji kwanza, tunarudi kwenye kalibu. "Nyinyi mimi mlinipima saa ngapi?" nikawauliza. "Asubuhi tu?"

"Hata asubuhi hatukukupima," akasema daktari wangu.

Uamuzi wao haukuwa mkubwa wala mdogo. Leseni hawakumpa, na alama hawakumwongezea. Kipande kile kimoja kilifutwa, akapangiwa akifanye upya kwa mgonjwa mwengine, mbele ya watahini wengine wasiomjua. Mgonjwa alikuwa mzee mmoja wa Bidiya ambaye anakueleza maumivu yake kabla hujafunga mlango. Kijana akapita. Na tangu mwaka ule, kwenye mitihani yao, mtu mmoja anakaa kumsikiliza mgonjwa peke yake, na kila baada ya watahiniwa wawili anamuuliza maswali yale yale kuona kama majibu yamehama. Wanaoufuata utaratibu huo leo hawajui umetoka kwa nani. Umetoka kwenye kiwanda cha matofali Ibra, kwa mtu wa darasa la nne lisilokwisha.

Mimi sikuitwa tena kuwa mgonjwa wao. Ile bahasha niliirudisha siku ile ile ya kikao. Mhasibu hakujua aiandike wapi, hajapata kuona mtu akirudisha ikramia, lakini alinikatia risiti na ninayo.

Kijana yuko Sur sasa, na mara mbili kwa mwaka ananisikiliza moyo. Mama yake yuko naye. Ananiuliza kwanza, ngazi, mito, miguu, mpaka nimalize. Shikamoo anaiweka mwisho, wakati navaa viatu.

Hapa Ibra wako wanaosema nilitoa maelfu kumpitisha mtoto wa watu, na sijawakataza kusema, kwa kuwa wanaosema hivyo ndio wanaonunua matofali. Gharama yenyewe, ikramia niliyoirudisha, barua mbili na nakala zake, ilikuwa rial kumi na saba na baisa mia mbili.